Mhusika Mkononi: Uteuzi wa Elena na Suala la Uhusika katika Gemu za Mapigano za Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tendo la mchezaji kumteua mhusika na kujifunza kumcheza katika gemu za mapigano zinazochezwa mtandaoni. Mfano mkuu ni Elena, mhusika ambaye kampuni ya Kijapani ya Capcom ilimtambulisha mwaka 1997 katika Street Fighter III kuwa binti wa Kenya. Hoja yetu ni kwamba mhusika wa gemu za aina hii ana matini mbili: wasifu aliopewa na watunzi wake, na kanuni za mwili wake ambazo hujulikana kwa kuchezwa tu. Mhakiki anayeishia kwenye wasifu huona taswira mgando ya Mwafrika na kufunga kitabu. Mchezaji anayeishia kwenye kanuni hudhani kwamba taswira hiyo haimhusu. Makala yanaonesha kwamba taswira hiyo imeingia hadi ndani ya kanuni, na kwamba ni humo humo mchezaji anapopata nafasi ya kuijibu. Tunapendekeza kwamba dhana ya uhusika irudishwe karibu na kitenzi ilichotoka, yaani kuhusika.

1.0 Utangulizi

Kabla ya pambano lolote, gemu ya mapigano humwekea mchezaji orodha ya nyuso na kumtaka achague. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilikuwa na nyuso 8; Street Fighter 6 ilianza mwaka 2023 ikiwa na 18, na nyingine zimeongezwa baadaye. Kwa mgeni, uteuzi huu ni jambo la sekunde chache. Kwa anayekusudia kushindana mtandaoni, ni uamuzi wa miezi, kwa sababu kila mhusika ana mapigo yake, masafa yake, kasi yake na udhaifu wake, na ujuzi wa kumcheza mmoja hauhamii kwa mwingine ila kwa sehemu. Street Fighter 6 imeutia ukweli huu katika mfumo wake wa madaraja: cheo cha mchezaji hupimwa kwa kila mhusika peke yake. Aliyefika juu kwa mhusika mmoja, akimchukua mwingine, hupimwa upya.

Gemu za namna hii huonekana kuwa mbali na uwanja wa mhakiki wa fasihi. Hadithi zake ni fupi, mazungumzo yake ni machache, na msuko wake hauzidi mfululizo wa mapambano. Makala haya yanauona ufupi huo kuwa sababu ya kuzichunguza. Pale ambapo msuko umepunguzwa hadi kukaribia kwisha, vinabaki vitu viwili ambavyo nadharia yetu imevishughulikia tangu mwanzo: mhusika na tendo. Swali letu ni hili: mchezaji anapomteua mhusika na kumjifunza, anasoma nini, na usomaji huo unamdai nini?

Mifano imetokana na gemu zenyewe, hasa Street Fighter III: 3rd Strike ya mwaka 1999, pamoja na uzoefu wa mwandishi wa kucheza mtandaoni akiwa Dar es Salaam. Elena ameteuliwa kwa sababu iliyo wazi. Ni mhusika ambaye Afrika Mashariki imetajwa katika kitambulisho chake, na kwa hiyo anamweka mchezaji wa huku mbele ya swali ambalo wahusika wengine hawamwekei.

2.0 Mhusika, Kuhusika na Kucheza

Nomino mhusika imetokana na kitenzi kuhusika. Katika matumizi ya kawaida ya uhakiki wetu, nasaba hiyo imefifia. Mhusika amekuwa kiumbe wa kubuni anayetazamwa na msomaji kutoka nje: tunaeleza wasifu wake, maneno yake, matendo yake na uhusiano wake na wenzake, kisha tunatoa hukumu kama ni bapa au duara. Nadharia kongwe hazikuwa na wasiwasi na utazamaji huo, ingawa zilitofautiana kuhusu kinachotangulia. Aristotle alilitanguliza tendo mbele ya tabia. Propp, katika utafiti wake wa mwaka 1928 kuhusu ngano za Kirusi, aliwaainisha wahusika kwa kazi wanazozifanya katika hadithi, si kwa sura zao. Aarseth, mwaka 1997, alielekeza macho kwenye matini ambazo haziendi mbele mpaka msomaji azifanyie kazi. Katika gemu za mapigano mielekeo hii inakutana: mhusika ni jumla ya matendo anayoweza kuyatenda, na hakuna tendo linalotendeka mpaka mtu abonyeze kitufe. Wanaohusika, kwa maana asili ya neno, ni wawili.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kulieleza jambo hili. Tunacheza ngoma, tunacheza mpira, tunacheza bao. Na tunasema kwamba fulani amecheza katika filamu. Ngoma, shindano na uigizaji vinakaa chini ya neno moja. Anayesema kwamba "anamcheza Elena" ametumia maana zote tatu kwa pamoja, pengine bila kukusudia.

Hata hivyo, ulinganisho na uigizaji una mipaka. Mwigizaji wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, hupewa maneno pamoja na mpangilio wake. Uhuru wake umo katika sauti, mwendo na ukimya. Mchezaji wa gemu hupewa maneno bila mpangilio. Ana mapigo kadhaa yasiyobadilika, na ni lazima ayapange papo hapo mbele ya mtu anayekusudia kuuvuruga mpangilio huo. Katika jadi yetu, hali hii inakaribia zaidi majibizano ya washairi, kama yale ya Mombasa ya zama za Muyaka bin Haji. Vina na mizani vimewekwa kabla, na hakuna mshindani anayeruhusiwa kuvibadili; lakini ubeti utakaotungwa hautegemei mtunzi peke yake, bali pia ubeti aliorushiwa. Kumjifunza mhusika ni kama kujifunza bahari ya shairi mpaka kanuni zake zisihitaji tena kuhesabiwa kwa vidole.

3.0 Matini ya Kwanza: Wasifu

Street Fighter II iliwapanga wahusika wake kwa mataifa, na taifa likawa mtindo wa mwili. Mhindi, Dhalsim, alipewa yoga na viungo vinavyorefuka; Mrusi, Zangief, alipewa mieleka na kifua kilichojaa makovu; Brazili iliwakilishwa na Blanka, kiumbe wa kijani atoaye umeme. Katika orodha hiyo ya 1991 Afrika haikuwamo kabisa. Elena alipokuja mwaka 1997, alikuja kujaza nafasi ndani ya utaratibu uliokwisha kuwekwa.

Wasifu wake unajulikana. Ni binti wa mtawala wa kabila nchini Kenya, kabila ambalo halilingani na jamii yoyote halisi ya nchi hiyo. Nywele zake ni nyeupe, hana viatu, vazi lake ni dogo, na shingo, mikono na miguu imepambwa kwa pete za rangi. Mandhari yake ni savana. Lengo lake si kisasi wala ufalme. Anapigana ili apate marafiki. Baadhi ya mapigo yake yana majina ya wanyama: Rhino Horn, yaani Pembe ya Kifaru, na Lynx Tail, yaani Mkia wa Linksi. Linksi hayumo katika savana ya Kenya. Anayefanana naye huku ni simbamangu. Kosa ni dogo, lakini linaonesha jinsi mahali palivyotungwa: kwa wanyama wa porini kwa jumla, bila kuuliza ni pori lipi.

Kosa kubwa zaidi limo katika sanaa yake ya mapigano. Elena hupigana kwa kapoera, sanaa iliyotungwa na Waafrika waliofanywa watumwa nchini Brazili, ambayo kumbukumbu zake za Kiafrika huelekezwa Angola na Kongo, upande wa Atlantiki. Mwaka huo huo wa 1997, kampuni ya Namco katika Tekken 3 ilimpa kapoera Mbrazili, Eddy Gordo. Capcom ilimpa Mkenya. Kwa mantiki ya wasifu huo, kilichofanywa na Waafrika ng'ambo ya bahari kinaweza kurudishwa popote barani, kana kwamba bara zima ni kijiji kimoja.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Brazili kutafuta mahali ambapo ngoma na pambano vinakutana. Pwani ya Kenya ina kirumbizi, mchezo ambamo watu wawili hukabiliana kwa fimbo huku ngoma ikipigwa. Na katika kisa cha Fumo Liyongo, ngoma yenyewe ni silaha: shujaa amefungwa gerezani, tupa imeingizwa ndani ya mkate, na kelele za wachezaji zinaifunika sauti ya minyororo inayokatwa. Elena angeweza kuzaliwa kutokana na mila hizi. Kwamba hakuzaliwa humo ni ushahidi wa kile ambacho watunzi wake hawakukitafuta.

Mpaka hapa uhakiki wa taswira unajitosheleza. Ungeweza kuhitimisha kwamba Elena ni Mwafrika wa kubuniwa na wageni, karibu na wanyama na mbali na historia, na hitimisho hilo lingekuwa sahihi. Lakini lingekuwa limemhakiki mhusika ambaye bado hajachezwa.

4.0 Matini ya Pili: Kanuni za Mwili

Hoja ya kwanza ambayo wachezaji wazoefu huitoa dhidi ya uhakiki wa aina hiyo ni kwamba sura ni ganda. Kwao, mhusika ni orodha ya namba. Gemu huenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Kila pigo lina fremu za kuanza, za kugusa na za kurudi, na aliye makini huzijua. Kwa mtazamo huo, Elena angeweza kuvalishwa sura ya mtu yeyote na mchezo ukabaki ule ule.

Hoja hii ina nguvu, lakini haisimami mbele ya Elena mwenyewe. Karibu mashambulizi yake yote hutolewa kwa miguu, na miguu hiyo ni mirefu kuliko ya wenzake wengi. Urefu huo ndio masafa yake, na masafa ndiyo msingi wa mbinu zake zote. Anaposimama hatulii, hupepesuka kwa mdundo, na Street Fighter III ilisifiwa mno kwa ulaini wa michoro ya mwendo wake. Hivi ni vitu vya kanuni: urefu hupimika, mwendo huamua ni wapi mwili unaguswa na wapi haugusiki. Lakini pia ni taswira ile ile ya Mwafrika mrefu, mwepesi, mchezaji wa ngoma kwa kuzaliwa. Kumbe namba hazikuandikwa kwanza zikavalishwa sura baadaye. Sura ilizaa namba. Anayesema kwamba anacheza namba tu anazicheza namba zilizotokana na wazo la mtu fulani kuhusu Kenya.

Je, basi mchezaji amenaswa? Hapa ndipo kujifunza kunapoleta jambo ambalo kutazama hakulileti. Mdundo ule uliochorwa kama furaha ya asili, mkononi mwa anayeujua hugeuka kificho: mpinzani anayeutazama mwili usiotulia hupata shida kutambua ni mtikisiko upi ulio mwanzo wa pigo. Mallet Smash hushuka kutoka juu, na humpiga anayejikinga kwa kuchutama. Lynx Tail hufagia chini, na humpiga anayejikinga akiwa wima. Mpinzani hawezi kujikinga kwa namna zote mbili kwa wakati mmoja. Mchezaji wa Elena anaishi katika swali hilo, na kazi yake ni kulirudia mpaka mpinzani achoke kulijibu.

Mfano ulio wazi zaidi ni uwezo wake wa kujiponya, ambao mchezaji wa 3rd Strike huweza kuuchagua mahali pa shambulizi kubwa. Katika wasifu, uponyaji huo unafaa kabisa: binti wa maumbile huchota nguvu kutoka maumbile. Katika mchezo, mpinzani anaweza kuukatiza kwa kumpiga. Hivyo hautumiki mpaka Elena awe amemwangusha au amemweka mbali kwa muda wa kutosha. Anayeuchagua hutoa sadaka pigo ambalo lingeweza kummaliza mpinzani, na badala yake hununua muda. Huu ni uhasibu. Anayemjifunza Elena kwa wiki kadhaa hugundua kwamba mhusika aliyeelezwa kwa lugha ya asili anachezwa kwa hesabu: fremu ngapi, hatua ngapi, saa imebakisha nini. Wasifu haukuwahi kumtarajia Elena huyu, ingawa kila kiungo chake kimetoka humo.

Tofauti kati ya kujifunza na kubahatisha huonekana tukimrejelea Eddy Gordo. Alijipatia sifa ya kuwa mhusika ambaye hata asiyejua angeweza kushinda kwa kubonyeza vitufe ovyo. Anayebonyeza ovyo hujisalimisha kwa wasifu: mwili hucheza wenyewe, kama taswira inavyodai kwamba miili hiyo hucheza. Anayejifunza huuwekea mwili huo nia. Kwa maneno ya fasihi, wa kwanza ameikariri matini bila kuisoma.

5.0 Masafa ya Mtandao

Kucheza mtandaoni kunaongeza hali ambayo mhakiki hawezi kuipuuza, kwa kuwa inabadili maana ya mhusika kulingana na mahali mchezaji alipo. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za mkonga kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mpinzani aliye umbali wa kilomita 10,000 za mkonga yuko, kwa uchache kabisa, nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde kutoka kwako, yaani fremu 3 kwa safari ya upande mmoja, kabla ya ucheleweshaji mwingine wowote. Mchezaji wa Tokyo anayecheza na jirani yake hana deni hilo. Mchezaji wa Dar es Salaam anayetafuta wapinzani Ulaya analo kila usiku.

Programu za mtindo wa GGPO, iliyobuniwa na Tony Cannon na kutumiwa katika toleo la mtandaoni la 3rd Strike la mwaka 2011, hazisubiri taarifa ya mpinzani ifike. Hukisia kwamba anaendelea na alichokuwa akikifanya. Taarifa ikifika tofauti, hurudi nyuma fremu kadhaa na kusahihisha. Vidole havihisi uzito, lakini macho hulipa: mwanzo wa pigo la mpinzani huweza kutoonekana, nalo likatokea likiwa katikati. Matokeo yake ni kwamba orodha za ubora wa wahusika, ambazo wachezaji huzitunga na kuzibishania, haziwezi kuwa zile zile kila mahali. Mhusika anayetegemea kuona na kujibu hudhoofika kadiri mkonga unavyorefuka. Anayetegemea kuuliza maswali huimarika. Mallet Smash ambayo mpinzani wa ana kwa ana angeiona na kusimama, mtandaoni humkuta bado amechutama.

Kwa hiyo Elena anayefaa kujifunzwa Dar es Salaam si yule yule anayefaa kujifunzwa Tokyo, ingawa namba zao ni zile zile. Nadharia ya mapokezi imetufunza kwamba maana ya matini hutegemea upeo wa matarajio ya msomaji. Gemu ya mtandaoni inaongeza upeo ambao si wa mawazo: ni wa jiografia na miundombinu, nao unapimwa kwa fremu.

6.0 Je, Mchezaji wa Afrika Mashariki Anadaiwa Elena?

Elena hakuwamo katika Street Fighter V. Aliporudi katika Street Fighter 6 mwezi Juni 2025, mchezaji wa huku aliwekwa tena mbele ya uso wenye jina la Kenya. Majibu mawili huja upesi. La kwanza linasema amchukue, kwa kuwa ni wa kwao. La pili linasema amkatae, kwa kuwa ni dhihaka ya kwao. Yote mawili yanafanana katika jambo moja: yanamteua au kumkataa Elena kwa wasifu.

Adrienne Shaw, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alionesha kwamba wachezaji wa makundi yaliyotengwa hawajitambui moja kwa moja katika wahusika wanaofanana nao, na kwamba uwakilishi una thamani hata pale ambapo utambulisho wa namna hiyo haupo. Historia ya mashindano inaliunga mkono jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Pakistani alishinda Evo Japan na kisha Evo ya Las Vegas katika Tekken 7, mhusika wake mkuu akiwa Kazumi, mwanamke wa Kijapani. Baada ya ushindi huo, macho ya wachezaji wa dunia yaligeukia Lahore. Nchi yake ilijulikana kwa mkono wake, si kwa uso aliouteua.

Mfano huu haupaswi kusomwa kama ruhusa ya kuziacha taswira jinsi zilivyo. Ushindi wa mchezaji haubadili mchoro. Elena akichezwa kwa hesabu kali kiasi gani, mtazamaji asiyejua kanuni ataendelea kuona binti wa savana anayecheza ngoma, na jibu la mchezaji litasikika kwa wale tu wanaoijua lugha lilimotolewa. Huo ni upungufu halisi, na kujifunza peke yake hakuuondoi. Kinachohitajika ni mhakiki anayeweza kusoma matini zote mbili na kuieleza moja kwa wasomaji wa nyingine.

Kwa msingi huo, jibu letu ni kwamba mchezaji hadaiwi kumteua Elena. Akimteua, anadaiwa kumjifunza. Kumteua kwa fahari na kubonyeza ovyo ni kuirudia taswira kwa mikono ya mwenyeji, jambo ambalo huenda likaonekana kuwa uthibitisho wake. Na anayemkataa kwa hoja za haki anadaiwa kueleza kwamba anachokikataa kimo pia ndani ya kanuni, wala hakiishii kwenye vazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba uteuzi wa mhusika katika gemu za mapigano ni tendo la kihakiki, na kwamba kujifunza kumcheza ni namna ya usomaji wa karibu. Elena ametuonesha matini mbili ambazo haziwezi kutenganishwa: wasifu uliozaa kanuni, na kanuni zinazomwezesha mchezaji kuupinga wasifu bila kuufuta. Kwa nadharia yetu ya uhusika, jambo hili lina matokeo. Vigezo vya kumsoma mhusika kwa sura, maneno na matendo vinabaki, lakini katika matini zinazochezwa kinahitajika kigezo kingine: ni nini kinachoweza kujulikana kuhusu mhusika huyu kwa yule tu aliyehusika? Kwa Elena, jibu ni muda, masafa na hesabu. Ni vitu vitatu ambavyo wasifu wake hauvitaji hata mara moja.

Wanafunzi wengi wanaoingia katika madarasa yetu ya fasihi wamekwisha kufanya usomaji wa namna hii kwa miaka, usiku, wakiwa na kidhibiti mkononi, bila kuambiwa kwamba ni usomaji. Kuwapa istilahi za kuueleza kwa Kiswahili ni kazi iliyo ndani ya uwezo wetu. Neno la kuanzia tunalo tayari.